RNA Ndogo Zisizotengeneza Protini na Afya ya Ubongo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya wagonjwa na jamaa zao, wanafunzi wa sayansi ya afya, wauguzi, na yeyote aliyesikia kwamba kuna molekuli ndogo mno zinazohusishwa na kifafa, usahaulifu wa uzeeni, ulemavu wa akili kwa watoto na maradhi mengine ya ubongo. Katika kuyasoma ni vyema kushika swali moja lililo nyuma ya mengine yote: je, RNA inayotajwa imethibitika kuwa chanzo cha ugonjwa, au imeonekana tu kupanda au kushuka wakati ugonjwa umekwisha kuingia? Mambo hayo mawili huchanganywa mara nyingi, hata na watu wenye elimu, na anayeumia kwa mchanganyiko huo ni mgonjwa.

RNA ndogo zisizotengeneza protini ni kitu gani?

DNA ya binadamu ina jeni takriban 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Ili protini ipatikane, jeni hunakiliwa kwanza kuwa RNA mjumbe, nayo husomwa na ribosomu, ambazo huunganisha amino asidi moja baada ya nyingine hadi protini ikamilike. Hata hivyo, sehemu ya DNA yenye maelekezo hayo haifikii asilimia 2 ya nukleotidi zote (yaani herufi za DNA na RNA) zipatazo bilioni 3. Sehemu kubwa ya DNA iliyobaki nayo hunakiliwa kuwa RNA, lakini RNA hizo hazisomwi na ribosomu. Hufanya kazi zikiwa RNA vilevile. Zile zenye urefu usiozidi nukleotidi 200 hivi ndizo huitwa ndogo.

Kundi linalofahamika zaidi ni mikroRNA, ambazo zina nukleotidi 22 hivi tu. Hifadhidata inayotumiwa na watafiti wengi imeorodhesha zaidi ya jeni 1,900 za mikroRNA kwa binadamu, ingawa wanaotumia vigezo vikali zaidi hukubali kwamba zile zilizothibitika barabara ni zaidi kidogo ya 500. Tofauti hiyo ni ya kukumbuka kila unaposoma habari za mikroRNA yenye namba kubwa isiyojulikana sana, kwani huenda hata kuwepo kwake hakujakubaliwa na wote.

Ziligunduliwaje?

Ziligunduliwa kwa mnyoo. Caenorhabditis elegans ni mnyoo wa udongoni mwenye urefu wa milimita 1 hivi, na mfumo wake mzima wa neva una nyuroni, yaani seli za neva, 302 tu, ndiyo maana wanabaiolojia wanampenda. Mwaka 1993, nchini Marekani, Victor Ambros pamoja na wenzake Rosalind Lee na Rhonda Feinbaum walitangaza kwamba jeni iitwayo lin-4, ambayo ikiharibika mnyoo hukua vibaya, haitengenezi protini yoyote bali RNA fupi sana. Wakati huohuo Gary Ruvkun na wenzake walionyesha kwamba RNA hiyo fupi hujibandika kwenye RNA mjumbe ya jeni nyingine, lin-14, na kuizuia isitoe protini kwa wingi.

Kwa miaka saba jambo hilo lilichukuliwa na wengi kuwa ni ajabu ya minyoo. Mwaka 2000 kundi la Ruvkun lilipata RNA ya pili, let-7, na safari hii ilionekana kwamba RNA hiyohiyo imo katika wanyama wengi, binadamu akiwamo. Mwaka uliofuata maabara tatu zilichapisha kwa pamoja orodha za RNA nyingi za aina hiyo, na jina la mikroRNA likashika. Ambros na Ruvkun walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba mwaka 2024, miaka 31 baada ya taarifa zao za kwanza.

MikroRNA hufanyaje kazi ndani ya seli?

Huanza ikiwa RNA ndefu iliyojikunja. Ndani ya kiini cha seli, kimeng'enya kiitwacho Drosha kikisaidiwa na protini ya DGCR8 huikata ikabaki kipande kifupi chenye umbo la pini ya nywele. Kipande hicho husafirishwa nje ya kiini, na huko kimeng'enya cha pili, Dicer, hukikata tena. Uzi mmoja kati ya miwili inayobaki huingia ndani ya protini iitwayo Argonaute, na kuanzia hapo protini hiyo huongozwa na mikroRNA kutafuta RNA mjumbe zenye mpangilio unaoshabihiana nayo. Kinachoamua zaidi ni nukleotidi ya pili hadi ya nane za mikroRNA. Zikikutana na mfuatano unaolingana nazo, kwa kawaida karibu na mkia wa RNA mjumbe, RNA mjumbe hiyo huvunjwavunjwa au husomwa kwa nadra.

Mara nyingi matokeo yake si kuzima jeni kabisa. MikroRNA hufanana zaidi na mpishi anayepunguza moto chini ya sufuria pasipo kuuzima: kiasi cha protini hushuka kidogo, pengine kwa theluthi tu. Lakini mikroRNA moja huweza kugusa mamia ya RNA mjumbe kwa wakati mmoja, na RNA mjumbe moja huweza kuguswa na mikroRNA kadhaa. Makadirio yanaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya jeni zetu za protini zina alama zilizohifadhiwa na mageuko kwa ajili ya mikroRNA. Ni kwa sababu hiyo mtu anapodai kwamba mikroRNA fulani "ndiyo inayosababisha" ugonjwa fulani, ni haki kumuuliza kupitia RNA mjumbe ipi, na amejuaje.

Kwa nini ubongo unazihitaji kuliko viungo vingine vingi?

Sababu ya kwanza ni umbo la nyuroni. Ubongo wa mtu mzima una nyuroni zipatazo bilioni 86, na kila moja ina matawi marefu yenye sinapsi nyingi mno, yaani mahali inapopokea ujumbe kutoka kwa nyuroni nyingine. Sinapsi moja ikitumika sana, ni hiyo inayopaswa kuimarishwa, si zote. Kuagiza protini kutoka kwenye kiini kilicho mbali hakutoshi. Nyuroni hupeleka RNA mjumbe hadi kwenye matawi na kuzihifadhi huko zikiwa zimezuiwa, zikisubiri amri ya papo hapo.

Mfano uliochunguzwa kwa karibu ni wa miR-134 (miR ni kifupi cha mikroRNA). Mwaka 2006 Gerhard Schratt na wenzake walieleza kwamba mikroRNA hiyo, katika nyuroni za hipokampasi (sehemu ya ubongo ya kumbukumbu) ya panya, hukaa kwenye matawi na kuzuia utengenezaji wa protini iitwayo Limk1, ambayo hukuza vichomozo vidogo vinavyobeba sinapsi. miR-134 ikiongezwa, vichomozo husinyaa, ikizuiwa, hupanuka. Sinapsi inapochangamshwa na kichocheo cha ukuaji kiitwacho BDNF, kizuizi hicho hulegea na Limk1 huanza kutengenezwa palepale. Hapo tunaona RNA yenye nukleotidi 22 ikishiriki kuamua ukubwa wa kiungo ambacho ndicho msingi wa kujifunza na kukumbuka.

Sababu ya pili ni kwamba mikroRNA husaidia seli kuwa nyuroni na kubaki nyuroni. miR-124, ambayo ni miongoni mwa zinazopatikana kwa wingi sana ubongoni, hukandamiza jeni ambazo hazipaswi kufanya kazi katika nyuroni. Ilipoingizwa katika seli za saratani ya shingo ya kizazi zinazokuzwa maabara, orodha ya jeni zilizokuwa zikifanya kazi ilianza kufanana na ile ya ubongo. Mwaka 2011 watafiti waliingiza miR-124 pamoja na miR-9 katika seli za ngozi ya binadamu, na baadhi ya seli hizo zikageuka kuwa nyuroni. Kuongeza protini chache za kudhibiti jeni kuliboresha matokeo hayo. Upande wa pili, panya walioondolewa Dicer katika nyuroni za Purkinje, ambazo hutawala uratibu wa mwendo, walizaliwa wakiwa sawa, kisha nyuroni hizo zikafa polepole na panya wakaanza kuyumba.

Mbali na mikroRNA, zipo aina gani nyingine zinazohusu ubongo?

Zipo kadhaa, na kwa maoni ya mwandishi zimepewa nafasi ndogo kuliko zinavyostahili. RNA ndogo za kiini, kama U4 na U6, ni sehemu ya mtambo unaokata vipande visivyohitajika katika RNA na kuunganisha vinavyobaki. RNA ndogo za kinukleoli huongoza marekebisho ya kikemia kwenye RNA nyingine. Kuna pia piRNA, ambazo kazi yake kuu ni kulinda DNA ya mbegu za uzazi, ingawa katika konokono wa baharini Aplysia zimeonekana kuchangia kumbukumbu za muda mrefu. Na kuna vipande vinavyotokana na RNA zinazobeba amino asidi, ambavyo huongezeka seli inapokuwa katika shida.

Je, kuna magonjwa ya ubongo ambayo imethibitika bila shaka kwamba chanzo chake ni RNA hizi?

Ndiyo, na jibu hili linapaswa kujulikana zaidi kuliko linavyojulikana sasa. Ushahidi thabiti haukutoka katika kupima damu za wazee, bali katika hali adimu za utotoni, ambapo badiliko moja la kijenetiki hufuatana na ugonjwa katika familia moja baada ya nyingine.

Mfano wa karibuni ndio unaovutia zaidi. Mwaka 2024 makundi mawili ya watafiti, yakitumia hasa takwimu za mradi wa Uingereza wa kusoma jenomu (yaani DNA yote ya mtu) 100,000, yaligundua kwamba mabadiliko katika jeni ya RNU4-2, inayotengeneza RNA ya U4, husababisha ulemavu wa ukuaji wa ubongo ambao sasa huitwa ugonjwa wa ReNU. Jeni hiyo ina nukleotidi 141 tu. Mabadiliko yanayoleta ugonjwa hujikusanya katika eneo la nukleotidi 18, na zaidi ya robo tatu ya wagonjwa walioripotiwa katika utafiti mmojawapo walikuwa na kosa lilelile: nukleotidi moja ya ziada iliyoingizwa mahali palepale. Watoto hao huchelewa kukaa na kutembea, wengi hawasemi au husema maneno machache, misuli yao huwa legevu, wengi hupata degedege, na baadhi huwa na kichwa kidogo. Kwa kawaida badiliko hilo halikurithiwa, maana wazazi wakipimwa hawana, limetokea upya. Ilikadiriwa kwamba hali hii hueleza takriban asilimia 0.4 ya watoto wote wenye matatizo ya ukuaji wa ubongo, kiwango kikubwa mno kwa jeni moja. Wengi wao walikuwa wamepimwa jeni hapo awali bila kupata jibu, kwa sababu vipimo vilivyotumika husoma sehemu zinazotengeneza protini peke yake, na RNU4-2 haitengenezi protini.

Mfano wa pili ni ugonjwa wa Prader-Willi, unaompata mtoto mmoja kati ya takriban 10,000 hadi 30,000. Mtoto huzaliwa akiwa mlegevu na hushindwa kunyonya vizuri. Miaka michache baadaye huanza kuwa na njaa isiyoshiba, na wazazi hulazimika kufunga kabati za chakula kwa kufuli. Chanzo ni kukosekana kwa kazi ya sehemu ya kromosomu ya 15 iliyotoka kwa baba, huku nakala ya mama katika sehemu hiyo ikiwa kimya kwa kawaida. Kwa muda mrefu haikujulikana ni jeni ipi katika eneo hilo yenye uzito. Kisha wakapatikana wagonjwa wachache waliopoteza kipande kidogo tu, chenye kundi la RNA ndogo za kinukleoli ziitwazo SNORD116, na bado walikuwa na dalili nyingi za ugonjwa huo.

Tatu ni upungufu wa kipande cha kromosomu ya 22, ujulikanao kama 22q11.2. Kipande hicho hubeba jeni kadhaa, mojawapo ikiwa DGCR8, ile inayosaidia kukata mikroRNA. Takriban robo ya watu wazima wenye upungufu huu hupata skizofrenia au maradhi ya akili ya jamii hiyo. Panya waliopunguziwa DGCR8 peke yake walionyesha upungufu wa mikroRNA ubongoni na matatizo ya kumbukumbu ya muda mfupi, jambo linaloonyesha kwamba jeni hiyo inachangia. Haimaanishi kuwa ni yake peke yake.

Kuhusu mikroRNA moja iliyoharibika yenyewe, mfano ulio wazi unahusu sikio: mwaka 2009 familia za Hispania zenye uziwi unaoongezeka kadiri umri unavyosonga zilikutwa na kosa la nukleotidi moja katika miR-96, katika sehemu ileile inayotambua RNA mjumbe.

Je, zinahusianaje na kifafa?

Katika maabara uhusiano huo ni wa nguvu. miR-134 iliyoelezwa hapo juu huongezeka ubongoni baada ya degedege la muda mrefu. Mwaka 2012 kundi la David Henshall, jijini Dublin, liliwapa panya molekuli inayoizuia miR-134, na degedege zao zikapungua kwa muda mrefu baada ya sindano moja ya ubongoni. Mwaka uliofuata ilionekana kwamba panya wasio na kiasi cha kutosha cha miR-128 huwa na msisimko uliopita kiasi na hufa kwa kifafa wakiwa bado wadogo.

Hayo ni matokeo ya panya. Katika Afrika Mashariki visa vingi vya kifafa vinatokana na majeraha ya wakati wa kuzaliwa, maambukizi ya ubongo ikiwemo malaria kali, mabuu ya minyoo ya nguruwe, na ajali za kichwa. Wagonjwa walio wengi wanaweza kuishi bila degedege wakipata dawa za kawaida kama fenobabito au kabamazepini na kuzitumia kila siku. Mgonjwa asiache dawa hizo kwa kusubiri tiba ya RNA ambayo haijafika hospitalini.

Vipi kuhusu ugonjwa wa Alzheimer na Parkinson?

Katika Alzheimer, matokeo yaliyojirudia zaidi kutoka maabara mbalimbali ni kushuka kwa miR-132 katika ubongo wa waliofariki na ugonjwa huo. Kuirudisha katika panya wenye mfano wa ugonjwa kumeboresha kumbukumbu na uzalishaji wa nyuroni mpya katika hipokampasi. Kabla yake, mwaka 2008, ilionyeshwa kwamba miR-29 hupunguza kimeng'enya cha BACE1, ambacho hushiriki kutengeneza vipande vya amiloidi vinavyorundikana ubongoni. Kwa Parkinson, miR-7 hupunguza protini ya alfa-sinukleini, ambayo mrundikano wake ndio alama kuu ya ugonjwa.

Ni hapa hasa ambapo swali la mwanzo linahitaji kurudiwa. Ubongo wa marehemu huonyesha hali ya mwisho, baada ya nyuroni nyingi kufa. MikroRNA inayopatikana katika nyuroni itapungua kwa vyovyote nyuroni zikipungua, kama ambavyo ile inayopatikana katika seli za kinga za ubongo itapanda uvimbe ukiongezeka. Kwa miR-132 wapo wanaoamini kwamba upungufu huanza mapema na huchangia ugonjwa, na majaribio ya panya yanawaunga mkono. Lakini hakuna mgonjwa aliyetibiwa kwa kurudishiwa miR-132.

Je, msongo na mateso ya mzazi hurithishwa kwa watoto kupitia RNA hizi?

Kwa panya, kuna ushahidi. Mwaka 2014 kundi la Isabelle Mansuy, Zurich, liliwatenganisha panya wachanga na mama zao kwa nyakati zisizotabirika, kisha likachukua RNA kutoka kwenye mbegu za madume hao walipokua na kuziingiza katika mayai yaliyorutubishwa. Watoto waliozaliwa walionyesha baadhi ya mabadiliko ya tabia yaliyoonekana kwa baba zao. Kwa binadamu haijathibitishwa, na ni vigumu mno kuthibitisha, kwa kuwa mtoto wa mzazi aliyeumia hulelewa na mzazi huyohuyo, katika nyumba ileile na mara nyingi katika umaskini uleule. Mzazi aliyepitia vita au ukatili asibebeshwe hofu ya kwamba amemwambukiza mwanawe kwa njia ya mbegu.

Kuhusu skizofrenia isiyotokana na upungufu wa kromosomu, uchunguzi mkubwa wa jenomu uliochapishwa mwaka 2011 uliipata jeni ya miR-137 miongoni mwa maeneo yanayohusiana na hatari ya ugonjwa. Mchango wake kwa mtu mmoja ni mdogo sana, na haufai kutumiwa kama kipimo.

Je, kuna kipimo cha damu cha mikroRNA kinachoweza kugundua ugonjwa wa ubongo?

Kwa sasa hakuna kinachotumika kama sehemu ya matibabu ya kawaida. Wazo lenyewe lina msingi: mikroRNA hukaa katika damu kwa muda bila kuharibika, zikiwa zimefungwa na protini au zimo ndani ya vifuko vidogo vinavyotolewa na seli. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya mikroRNA za damu hutoka katika chembe za damu zenyewe. Chembe nyekundu zimejaa miR-451 na miR-16. Damu ikitolewa kwa sindano nyembamba kwa nguvu, au ikakaa muda mrefu kabla ya kuzungushwa kwenye mashine, baadhi ya chembe hupasuka na plazma, yaani majimaji ya damu, hubadilika kuwa na rangi ya waridi. Hapo tayari vipimo vimepotoka, na mtu anaweza kudhani amegundua dalili ya ugonjwa wa ubongo kumbe anapima namna sampuli ilivyoshughulikiwa. Ndiyo sababu tafiti nyingi zilizotangaza orodha za mikroRNA za kutambua Alzheimer hazikubaliani. Katika nchi zenye malaria na selimundu, ambamo chembe nyekundu hupasuka ndani ya mwili wenyewe, tahadhari hii inapaswa kuwa kubwa maradufu.

Je, vyakula au virutubisho vinaweza kurekebisha mikroRNA za ubongo?

Mwaka 2012 watafiti wa China waliripoti kwamba mikroRNA ya mpunga, MIR168a, ilipatikana katika damu ya watu wanaokula wali, na kwamba iliathiri jeni katika ini la panya. Taarifa hiyo ilienea dunia nzima. Maabara nyingine zilipojaribu kurudia, zikiwalisha wanyama mimea kwa wingi, hazikupata kiasi chochote cha maana cha RNA ya mimea katika damu. Mfanyabiashara anayekuuzia vidonge au unga wa majani kwa madai ya "kusawazisha mikroRNA" hana ushahidi wa kumsaidia.

Je, zina uhusiano na chanjo za RNA za korona?

Hapana. Chanjo hizo zina RNA mjumbe yenye nukleotidi zipatazo 4,000, iliyokusudiwa kusomwa kuwa protini, ambayo ni kinyume cha kazi ya RNA zinazozungumziwa hapa.

Je, kuna dawa zilizotokana na elimu hii?

Zipo zilizo karibu nayo. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walieleza namna RNA yenye nyuzi mbili inavyozima jeni katika mnyoo yuleyule, na wakapata Nobel mwaka 2006. Dawa ya kwanza iliyotumia njia hiyo, patisiran, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ugonjwa wa kurithi unaoharibu neva za miguu na mikono. Huzima jeni katika ini, si ubongoni. Nusinersen, iliyoidhinishwa Desemba 2016 kwa watoto na watu wazima wenye ugonjwa wa kudhoofika misuli wa uti wa mgongo, na tofersen ya mwaka 2023 kwa aina moja ya kurithi ya ugonjwa wa nyuroni za mwendo, ni nyuzi fupi za kutengenezwa maabara ambazo hujibandika kwenye RNA ya mgonjwa. Zote mbili hudungwa katika maji ya uti wa mgongo, na sindano hurudiwa kwa miezi na miaka.

Iliyo karibu zaidi na mikroRNA ni AMT-130, inayojaribiwa kwa ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo. Virusi visivyodhuru hubeba jeni ya mikroRNA ya kubuni, na daktari wa upasuaji huvipitisha kwa mirija myembamba hadi ndani kabisa ya ubongo, kwa operesheni ya saa nyingi inayofanywa mara moja tu maishani. Septemba 2025 kampuni inayoitengeneza ilitangaza kwamba waliopewa dozi kubwa walidhoofika polepole zaidi, kwa asilimia 75, katika miaka mitatu. Ni habari ya kutia moyo kwa ugonjwa ambao haujawahi kuwa na tiba ya kuuchelewesha. Lakini waliopewa dozi hiyo na kufuatiliwa kwa muda huo ni watu 12, na walilinganishwa na wagonjwa wengine ambao takwimu zao zilitoka nje ya jaribio hilo.

Mbona dawa hizi zinachelewa kufika?

Kizuizi kati ya damu na ubongo huzuia RNA kupita, ndiyo maana hulazimu sindano ya mgongo au upasuaji. Zaidi ya hayo, kile kinachozipa mikroRNA nguvu, yaani kugusa jeni nyingi kwa mpigo, ndicho kinachozifanya kuwa hatari. Jaribio la MRX34, lililowapa wagonjwa wa saratani nakala ya miR-34, lilisimamishwa mwaka 2016 baada ya kinga ya mwili kuchafuka vibaya kwa baadhi yao, na wengine wakafariki. Halafu kuna bei: nusinersen ilipoingia sokoni Marekani, mwaka wa kwanza wa matibabu uligharimu dola 750,000. Kwa bei ya namna hiyo, mtoto wa Mbeya au Kisumu mwenye ugonjwa uleule huachwa nje, na jambo hilo si la kunyamaziwa kwa kisingizio kwamba sayansi ni nzuri.

Je, Waafrika wamo katika utafiti huu?

Ni wachache mno. Wengi wa waliosomwa jenomu zao duniani wana asili ya Ulaya, ilhali Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za kijenetiki. Mpango wa H3Africa, uliotangazwa mwaka 2010, ulianza kujenga maabara na hifadhi za sampuli barani, na utafiti wa NeuroGAP-Psychosis umekusanya washiriki nchini Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, taasisi za Kilifi, Eldoret na Kampala zikiwa miongoni mwa zilizoshiriki. Upungufu huu unaathiri tafsiri ya majibu: badiliko linaloonekana geni kwa daktari anayelinganisha na takwimu za Ulaya linaweza kuwa la kawaida kabisa katika ukoo wa mgonjwa.

Mtoto wetu amechelewa kukua, alipimwa jeni na hakuna kilichoonekana. Je, kuna maana ya kurudi?

Ndiyo. Ulizeni kwanza kipimo kilichofanyika kilikuwa cha eksomu, yaani sehemu za protini tu, au cha jenomu nzima. Kikiwa cha eksomu, RNU4-2 kwa kawaida haikusomwa. Kikiwa cha jenomu nzima na kilifanyika kabla ya mwaka 2024, taarifa zilizohifadhiwa zinaweza kusomwa upya bila mtoto kutolewa damu tena. Ombeni jeni hiyo itazamwe. Mahali ambapo vipimo hivyo havipatikani, inawezekana kuisoma RNU4-2 peke yake, kwa kuwa ni fupi, katika maabara yoyote yenye mashine ya kawaida ya kusoma mfuatano wa DNA, ikiwa daktari ataiagiza kwa jina. Ombeni pia nakala ya maandishi ya majibu ya awali na muihifadhi pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Jibu likipatikana, halitaleta dawa kwa sasa, lakini litawaambia kwamba kwa kawaida badiliko hilo halikutoka kwa mama wala kwa baba, kwamba uwezekano wa kumpata mtoto mwingine mwenye hali hiyo ni mdogo, na kwamba degedege, macho na lishe vinapaswa kufuatiliwa tangu mapema.